Nyanya Zisizoingia Jikoni

Kwaya, kaeni, asanteni sana. Wazee wa kanisa, yaacheni matenga hapo hapo mlipoyapanga, msiyasogeze. Nimeyaona tangu nilipoingia mlangoni, na nimeona pia kisichopangwa mbele. Mmegundua kwamba sijayasifu kama ninavyoyasifu kila mwaka siku ya mavuno. Nina sababu yangu, na mtaisikia. Asubuhi ya leo sikunywa chai. Nimekuja na hasira, nanyi mnivumilie, maana ni hasira ya mtu anayewapenda.

Nitawasimulia habari za baba mmoja. Msianze kugeuza shingo kutafuta ni nani, sitamtaja jina wala sitataja kwao. Kama habari yenyewe itakukaa vizuri mwilini, ujue si mimi niliyekupima.

Baba huyu alilima nyanya bondeni, kando ya mto, na alikuwa na mashamba mawili. La kwanza ndilo hilo la bondeni, kubwa, mistari imenyooka, mfereji wa maji unapita katikati. La pili halikustahili hata kuitwa shamba. Lilikuwa kibustani nyuma ya jiko, hatua ishirini kwa hatua kumi, na aliyekilima alikuwa mama yake mzazi, bibi aliyekwisha kupinda mgongo lakini jembe hajaliweka chini.

Shamba la bondeni lilikuwa la sokoni. Kibustani cha nyuma ya jiko kilikuwa cha kula. Na nyumba ile ilikuwa na sheria moja ambayo watoto waliijua kabla hawajajua kusoma: nyanya ya bondeni haiingii jikoni. Mtoto akiokota moja iliyodondoka kwenye tenga, anachapwa. Akiuliza kosa lake, anaambiwa hiyo ni mali ya biashara, tukianza kuila tutaimaliza. Basi watoto wakakua wakiamini kwamba baba yao ni bahili. Mnawajua watoto. Walimcheka chini kwa chini, wakasema baba anazipenda nyanya zake kuliko sisi.

Lakini hakuwa bahili. Alikuwa anajua.

Alijua kilichomo ndani ya lile bomba la kupigia dawa alilobeba mgongoni. Dukani aliambiwa kwamba ukishapiga dawa ile, usichume mpaka zipite wiki mbili. Maneno hayo yameandikwa kwenye chupa, naye kusoma alijua vizuri, ndiye aliyesoma matangazo kanisani kwao kila Jumapili. Lakini lori la kuchukua nyanya halimsubiri mtu wiki mbili. Linakuja Jumanne. Basi alipiga dawa Jumatatu, akachuma Jumanne asubuhi, akafuta ule unga mweupe wa dawa kwa kitambaa, nyanya zikang'aa, zikapakiwa, zikaondoka. Na yule mdudu tunayemwita kantangaze alipoingia bondeni na kuanza kula majani kwa ndani, baba huyu akaona dawa moja haitoshi. Akachanganya mbili, kisha tatu. Jioni akitoka shambani alivua nguo nyuma ya choo, akaoga kwa sabuni ya kufulia, akarudia mara ya pili, ndipo akaingia ndani kula. Na alikula nini? Ugali na mchuzi wa nyanya za mama yake.

Sasa niwaambie kibustani kile kilivyokuwa, maana kuna watu hapa wameanza kujisemea moyoni kwamba mchungaji hajawahi kushindana na mdudu. Nimelima. Najua.

Bibi alipanda mabangi mwitu kati ya mistari ya nyanya, hiyo hiyo mimea yenye harufu kali ambayo sisi tunaing'oa na kuichoma. Kona ya juu aliacha kichaka, akakataza kisifyekwe, na ndege wakajenga viota humo. Asubuhi walishuka kuokota viwavi kabla mwenye nyumba hajawasha moto. Chini ya chungu kilichovunjika, penye unyevu, walikaa vyura wanne wanene. Jua likizama walitoka mmoja mmoja, polepole, kama wazee wanaokwenda kwenye kikao ambacho hawakitaki, wakaanza kazi ya kula konokono na wadudu. Kwenye ua alikaa kinyonga. Wajukuu walimwogopa, walitaka kumpiga mawe kama tunavyowapiga sisi, na bibi akawaambia kwamba atakayemgusa kinyonga wake atalala na njaa. Wadudu wakizidi, alinyunyiza majivu ya jikoni, au aliponda pilipili kichaa na vitunguu saumu, akachanganya na maji na kipande cha sabuni, akarusha kwa kifagio. Na mstari wa mwisho, ule ulio karibu na kichaka, hakuuwekea kitu chochote. Aliwaambia wajukuu kwamba ule ni wa wadudu, nao wana matumbo.

Nyanya zake hazikuwa za kupigia picha. Zilikuwa ndogo, nyingine zimejikunja, nyingine zina mabaka, nyingine zina tundu. Lakini jikoni hazikukosekana, masika wala kiangazi, na hakuna aliyewahi kuoga mara mbili kwa sababu yake.

Siku moja baba huyu alikuwa bondeni akizibua mfereji, akamkuta chura wa mama yake amekufa, tumbo limegeuka juu. Mvua ilikuwa imenyesha, chura akashuka kutoka nyumbani kutafuta chakula kwenye shamba kubwa. Alimtambua kwa mguu mmoja uliokuwa umekatwa na jembe miaka iliyopita. Kisha akainua kichwa, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza akagundua kwamba bonde lake halina sauti. Hakukuwa na ndege. Maua ya nyanya yalikuwa yamechanua na hapakuwa na nyuki hata mmoja. Alijaribu kukumbuka ni lini aliona ndege akitua pale, akashindwa. Akaogopa, ndugu zangu. Nataka mjue kwamba aliogopa kweli. Mungu alikuwa amemwekea barua mferejini, na alikuwa ameisoma mpaka mwisho.

Mnadhani alifanya nini? Alimshika chura kwa jani, akamtupa mtoni, akajaza bomba, akaendelea kupiga dawa.

Hapo ndipo ninapomchukia baba huyu, na namchukia kwa sababu namfahamu. Alikuwa na vibarua walioamka kabla yake na kulala baada yake, wasiodai chakula wala mapumziko, akawaua wote kwa mkono wake. Kisha wadudu walipoongezeka kwa kuwa hakuna wa kuwala, alikaa dukani na wenzake akilalamika kwamba wadudu wa siku hizi ni wakaidi. Mama yake alishamwambia mara nyingi aanze na robo tu ya bonde, aache kichaka pembeni, apande mabangi mwitu, aone. Kila mara alijibu kwamba mambo ya vyura ni ya bustani ya bibi, na watu wa sokoni wanataka nyanya isiyo na doa. Na hilo la mwisho hakudanganya. Nitalirudia baadaye, msijisahau.

Sasa, baba huyu alikuwa na binti mmoja aliyeolewa mbali. Miaka saba ndoani bila mtoto. Mimba mbili zilimtoka, na wakwe wakaanza yale maneno mnayoyajua. Baba alifunga na kuomba kwa ajili ya binti huyu, nami nasema aliomba kwa dhati, sina shaka na machozi yake. Akaweka nadhiri. Akasema Mungu akimpa binti yangu mimba ikakaa, siku ya mavuno nitapeleka tenga la shukrani ambalo kanisa hili halijawahi kuliona. Mungu akasikia. Mimba ikaingia, ikapita mwezi wa tatu, ikapita wa tano. Mwezi wa saba binti akapiga simu kusema anakuja nyumbani kwa ajili ya mavuno, anataka bibi ashike tumbo lake. Baba alikwenda kusimama nyuma ya banda la matenga ili mtu asimwone analia.

Ijumaa kabla ya sikukuu, kantangaze wakaonekana tena kwenye mistari ya juu. Akapiga dawa, ile ya kuchanganya tatu. Jumamosi akachuma kwa ajili ya nadhiri yake. Alichagua moja moja, kubwa, nyekundu, zinazolingana, akazipanga kwenye tenga jipya. Mama yake akaja na fimbo yake akasimama kando.

"Hizo za nani?" akauliza.

"Za sadaka, mama. Za shukrani ya mtoto."

"Kwani Mungu naye ni mteja wako wa sokoni?"

Baba hakukasirika. Siku ile alikuwa na furaha, akamweleza mama yake kwa upole kwamba nyanya za nyuma ya jiko zina matundu, na kuzipeleka madhabahuni mbele ya watu wote itakuwa aibu, wataonekana wanampa Mungu makapi. Bibi akainama, akachukua nyanya moja kwenye tenga, akaipitishia kidole gumba, kidole kikatoka cheupe.

"Zangu mdudu ameonja na bado yuko hai," akasema. "Hizi zako nani ameonja?"

Baba akainyakua ile nyanya mkononi mwake haraka, akairudisha kwenye tenga. Kisha akamwambia mama yake aende akanawe mikono kwa sabuni kabla hajashika chakula. Mmesikia alichomwambia? Mama yake akanawe. Mungu apewe.

Jumapili kanisa lilijaa. Tenga la baba huyu likawekwa mbele kabisa, katikati, na watu waliopita kutoa sadaka walipunguza mwendo kulitazama. Bibi naye alileta cha kwake, kikapu cha ukindu chenye nyanya za nyuma ya jiko. Wazee wa kanisa walikipokea kwa heshima zote, bibi alipokwenda kuketi wakakisukuma chini ya benchi, maana picha zilikuwa zinapigwa.

Ibada ikaisha, mnada ukaanza. Mnaijua desturi. Kila kilichotolewa kinanadiwa, anayeshinda analipa, na akitaka anaweza kumtunuku mtu mwingine mbele ya kusanyiko. Dalali wao alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti na utani. Alipofika kwenye tenga la katikati, mikono ilipanda kila upande. Aliyeshinda alikuwa mama mmoja mjane, aliyemfundisha binti yule shule ya Jumapili tangu akiwa mdogo. Alisimama akasema tenga amelinunua, lakini hatalichukua. Anamzawadia binti yetu, aliyekaa miaka saba na leo Mungu amemkumbuka. Ale, apate damu, mtoto azaliwe na nguvu.

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Baba alikuwa anapiga makofi kama wengine, na mikono yake ikaishia hewani. Kisha akajituliza. Alipiga hesabu haraka kichwani: tenga litabebwa mpaka nyumbani, nyumbani atalipeleka bandani, atamwekea binti nyanya za bibi, hakuna atakayejua. Akaanza tena kupiga makofi. Ndugu zangu, tazameni mtu anavyoweza kuendelea kupiga makofi.

Dalali akamwita binti mbele, akampa kipaza sauti aseme neno. Binti akasimama, tumbo mbele, akamshukuru Mungu, akamshukuru mwalimu wake, kisha akacheka. Akasema, "Tangu nimezaliwa, baba hajawahi kuniruhusu kuonja nyanya zake za bondeni. Nimechapwa kwa ajili ya hizi. Leo ni zangu, na baba hana la kufanya."

Watu wakaangua kicheko, hata wale wasiomjua. Binti akainama taratibu kama wajawazito wanavyoinama, akachagua moja, akaifuta kwenye khanga yake, akaipeleka mdomoni, akang'ata.

Baba alivuka benchi mbili. Watu wanasema hawakuona alivyofika. Waliona mkono wake tu, umempiga binti kwenye kiganja kwa nguvu hata nyanya ikaruka ikapasukia kwenye ngazi ya madhabahu. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, na kipaza sauti kilikuwa bado kiko wazi mkononi mwa binti, kwa hiyo alichosema kilisikika ndani, kikasikika nje, kikafika hadi barabarani.

"Tema. Tema, mwanangu. Zina dawa."

Binti akatema. Baba akamfuta midomo kwa mkono wa koti lake la Jumapili, akafuta tena na tena. Binti alimtazama baba yake, akatazama tenga. Naamini wakati ule alikumbuka fimbo zote za utotoni, na zote akazielewa kwa mpigo. Kisha akageuka, akatazama benchi zilizojaa watu, wamama na watoto migongoni, wazee, wanakwaya wenye majoho yao. Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Na hawa, baba?"

Baba akatazama alikotazama binti yake. Kulikuwa na mama wa genge la njia panda, anayechukua debe kila Jumanne, na mwanawe mdogo amelala begani. Kulikuwa na mpishi wa shule. Kulikuwa na yule mwalimu mjane aliyekuwa bado amesimama, mkono umeziba mdomo. Wote hawa aliwajua kwa majina, alisali nao, alizika nao. Miaka mingi aliwapimia kitu ambacho hakuthubutu kumpa mtoto wake hata tone, na usiku akalala. Alisimama pale akisubiri wamzomee. Nadhani alitamani wamzomee, alitamani mtu ainuke amtukane, amtoe nje kwa kola ya shati.

Hakuna aliyeinuka.

Na hapa ndipo nilipokuwa nawaleta tangu mwanzo, kwa hiyo anayesinzia amwamshe jirani yake. Kwa nini hakuna aliyeinuka? Mwenye kabichi alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenye spinachi alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Dalali, masikini, alidhani kazi yake ni kuendelea, akainua kabichi moja kubwa isiyo na hata tundu, akauliza nani anaanza. Hakuna mkono. Akamgeukia mwenyewe aliyeileta akamwambia basi tuanze na wewe, uinunue ukale na watoto. Yule mtu akasema nyumbani kwake hawajazoea kabichi. Akainua spinachi. Mwenye spinachi akasema siku hizi tumbo linamsumbua. Akainua hoho, akainua maharage mabichi, akainua vitunguu, na kila alichoinua mwenye nacho alikuwa na udhuru. Mavuno ya usharika mzima yamelundikwa mbele ya Mungu, na katika usharika mzima hakuna anayethubutu kuyala. Dalali akatazama lile lundo vizuri, akaona kwamba hata nzi hawajatua.

Kila nyumba ilikuwa na kibustani nyuma ya jiko. Kila nyumba ilikuwa na sheria ile ile. Kila mmoja alimuuzia jirani asichokula, akarudi sokoni kununua kwa jirani huyo huyo kitu kingine ambacho jirani naye hali. Waliuana kwa adabu, wakaulizana habari za nyumbani.

Basi bibi akainuka. Akaenda taratibu na fimbo yake mpaka kwenye benchi, akainama, akavuta kikapu chake kutoka uvunguni. Akachagua nyanya yenye tundu, akaimega pale penye tundu akautupa ule upande, akampa mjukuu wake upande mzima. Binti akamtazama kwanza baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Binti akala. Katika sadaka zote za siku ile, ni hiyo peke yake iliyoliwa na mtu.

Mfano wangu umekwisha. Sasa ni sisi.

Mtaniuliza usharika huo uko wapi. Ningependa sana kuwaambia uko mbali.

Tunafunga na kuomba mavuno. Tunaomba Mungu atuondolee viwavi na kantangaze. Mungu amejibu zamani. Alimtuma chura, tukamwaga sumu alikolala. Alimtuma ndege, tukafyeka kichaka chake tuongeze mistari miwili. Alimtuma kinyonga, tukampiga mawe kwa sababu ana sura mbaya na tulisikia kwa bibi zetu kwamba ni mkosi. Alimtuma nyuki, na nyuki amekufa juu ya ua lenyewe. Tumewaua watumishi wake wote, kisha tunapiga magoti kumuuliza kwa nini hajibu.

Na ninyi msiolima, mnaoishi kwa mshahara na duka, msikunje mikono kana kwamba hayawahusu. Niambieni, nani kati yenu amewahi kufika gengeni akachagua nyanya yenye tundu? Nani amewahi kununua kabichi iliyoguswa na mdudu? Mnageuza, mnabonyeza, mnarudisha, mnataka inayong'aa. Mkulima amewasikia. Anawapa mnachotaka, na anakula asichowapa.

Nami sijitoi. Nina miaka kumi na miwili katika usharika huu. Nyumbani kwangu huletwa mboga zimefungwa vizuri kwenye kitenge, na anayezileta huinama kidogo na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mchungaji, hizi ni zile zetu." Zile zetu. Miaka kumi na miwili nasikia neno hilo, na tangu siku ya kwanza nilielewa maana yake. Kama kuna zile zetu, basi kuna zile zao. Nilishukuru, nikapokea, nikaenda kula, na Jumapili nikainua mikono nikabariki zile zao hapa mbele. Mke wangu aliniuliza juzi tu kwa nini mtoto wa jirani yetu anatokwa na vipele midomoni kila msimu wa nyanya, nikakosa pa kuweka uso. Hasira niliyokuja nayo leo imeanzia kwangu. Lakini haitaishia kwangu.

Kwa hiyo leo sitabariki. Dalali, kaa kwanza, usishike kipaza sauti. Ninyi mlioleta matenga haya nataka mje mmoja mmoja msimame karibu na chenu. Kila mtu aje na mwanawe. Achague moja katika alichompa Mungu, aifute kama anavyoifutia sokoni, ampe mtoto wake ale hapa, mbele yangu na mbele ya wanaonunua kwake. Akitafuna na kumeza, nitaubariki mkono wako na shamba lako. Njooni. Mwenye lile tenga la kwanza, njoo.

Nasubiri.

Naona hakuna aliyesimama. Lakini naona kitu kingine kutoka hapa juu, na ninyi hamkioni kwa sababu kila mmoja anatazama mbele. Naona mikono. Kila baba amemshika mwanawe bega, kila mama amemvuta wake karibu. Sikuwaambia mfanye hivyo.

Basi mmejibu. Matenga yatatoka kama yalivyoingia, na mwakani mtaniletea zenye matundu, au msilete. Atakayetaka kujua pa kuanzia aje kesho, tutakwenda pamoja kuona mahali ambapo vyura bado wapo.

Maana wapo. Wazee wa kanisa, chini ya benchi la nyuma, upande wa akina mama, kuna kikapu mmekisukuma kwa mguu asubuhi kabla picha hazijapigwa. Mlidhani sioni. Bibi, samahani kwa niaba ya nyumba hii. Kileteni hapa mbele, tuanze na hicho.